Harufu ya Ndimu Kibuyuni

Nilisikia mkwaruzo kabla sijaona chochote. Kwaru, kwaru, kimya kidogo, kisha kwaru tena: kitu kikavu kikisugua tumbo la kitu kitupu. Nilikuwa bado kitandani, macho nimeyafumba, na kwa muda mfupi nikarudi kuwa mtoto wa miaka sita katika nyumba ya mabati upande wa Molo, ambako sauti hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu ya asubuhi. Kisha mbwa wa mwenye nyumba akabweka. Nikakumbuka kwamba niko Milimani, Nakuru, katika kijumba nilichopanga nyuma ya nyumba kubwa ya watu, kwamba anayekwaruza ni nyanya yangu, na kwamba majirani watasikia.

Hilo la majirani ndilo lililoniinua kitandani. Ningependa kuandika kwamba niliamka kwa furaha. Nimewahi kuandika hivyo, katika hadithi, na watu wakanipigia makofi.

Kwetu nyanya tunamwita kogo. Alikuwa amekuja mjini kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limezibwa kwa kitambaa cheupe, na la kushoto lilikuwa likiona ukungu tu. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na kibuyu kimoja kilichofungwa ndani ya leso, akakibeba mapajani njia nzima kama mtoto anayelala. Kibuyu kilikuja kwa sababu ya mdogo wangu. Jumamosi ya wiki iliyofuata ingekuwa koito yake, siku ambayo wakwe wanakuja nyumbani kukubaliana juu ya ndoa, na siku hiyo mgeni hapokewi kwa chai. Anapokewa kwa mursik, maziwa yaliyolala siku nyingi ndani ya kibuyu kilichopakwa makaa. Kwa kila msichana wa nyumba yetu, shangazi zangu wote na binamu zangu, maziwa hayo aliyalaza kogo. Hakuna aliyemchagua. Ilikuwa kazi yake jinsi kunyesha ilivyo kazi ya mvua.

Nilimkuta uani, ameketi juu ya debe, kibuyu kati ya magoti, mkononi ana ile fimbo ya ukuti yenye ncha iliyochanuliwa kama burashi. Miguuni pake palikuwa na rundo la vijiti vibichi.

"Umetoa wapi hivyo, kogo?"

"Kwa ua la mwenye nyumba wako." Alicheka. "Senetwet imejaa pale. Yule kijana wa bustani anaikata anatupa. Nimemwambia, mnafyeka friji yenu."

Nilikijua kichaka hicho, kile chenye maua ya manjano. Nilikuwa nikikipita kila siku nikienda dukani. Sikujua kwamba ndicho.

Aliviacha vijiti juani vikauke, akanieleza bila kuulizwa, kama mtu anayesema na mikono yake mwenyewe. Kaa likishakuwa jekundu unalitia ndani, unalisaga kwa fimbo mpaka ukuta wote wa ndani uwe mweusi, unamwaga unga unaobaki, ndipo unatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Ukipaka vizuri yanakaa mwezi na mtoto akinywa tumbo halimsumbui. Ukikosea mti, yanakuwa machungu. Ukiharakisha, yanakuwa maji.

"Na sabuni hapana," alimaliza. "Hata kidogo. Maji moto na fimbo, basi."

"Najua, kogo."

Nilijua kweli. Kila mtoto wa kwetu anajua. Lakini nilijua jinsi ninavyojua kwamba hupaswi kupiga mluzi nyumbani baada ya magharibi. Nilidhani ni mwiko, na miiko nilikuwa nimezoea kuitia kwenye hadithi zangu kama mtu anayepanga maua mezani.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano, na Jumatano hiyo nilikuwa na wageni.

Sisi tunaoandika hapa mjini tuna kikundi chetu. Tunakutana, tunasomeana, tunasifiana, halafu tunasengenyana tukienda nyumbani. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimesoma hadithi yangu juu ya bibi na kibuyu chake, na mhariri mmoja aliyetoka Nairobi akanishika mkono akasema lazima akione kibuyu chenyewe. Nilikuwa nimeandika kana kwamba ninaishi nacho. Sasa, kwa bahati, nilikuwa ninaishi nacho. Nikamwalika.

Asubuhi shangazi alikuja kumchukua kogo kwenda hospitali kubadilishiwa kitambaa cha jicho. Kibuyu alikiacha dirishani, mdomo umeangalia jua. Nilikichukua ili nikitundike sebuleni, pale ukutani karibu na ukurasa wa hadithi yangu ambao nilikuwa nimeutia kwenye fremu. Kikaacha alama nyeusi kwenye mkono wa shati langu. Nikakinusa. Kilinuka moshi, maziwa makuukuu na zizi, kilinuka kila kitu nilichokisifu katika kurasa kumi na mbili. Kichwani nikamwona mhariri na blauzi yake nyeupe, akikipokea kwa mikono miwili.

Nilikipeleka kwenye sinki. Nikamimina sabuni ya vyombo, ile ya kijani yenye harufu ya ndimu, nikajaza maji moto, nikakiacha karibu saa nzima nikifagia. Nilipomwaga, maji yalitoka meusi kama wino. Nakumbuka niliridhika. Nilikisuuza mara tatu, nikakitundika.

Walikuja watu watano. Rafiki yangu mmoja, mshairi wa Bondeni ambaye hajawahi kuacha jambo lipite, ndiye aliyekiona kwanza.

"Niaje, mwandishi. Hiki ndicho kile cha hadithi?"

"Ndicho."

Akaingiza pua. "Mbona hakinuki? Cha shosho yangu kilikuwa kinanuka mpaka kwa geti."

"Huyu ni wa Milimani," mwingine akasema. "Hata kibuyu chake kinaoga."

Tukacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Mhariri alikipokea kwa mikono miwili, vilevile nilivyomwona kichwani, akapigwa picha akiwa nacho kifuani, na blauzi yake ikabaki nyeupe.

Walipoondoka nilikirudisha dirishani, mdomo ukiangalia pale jua lilipokuwa. Kogo aliporudi alikipapasa, akakikuta mahali alipokiacha.

Alhamisi alichoma vijiti vyake kwenye jiko uani. Mke wa mwenye nyumba akachungulia kutoka barazani, akauliza kama kuna kitu kinaungua, nikamjibu kwa Kiingereza ili kogo asisikie jinsi ninavyoomba msamaha kwa niaba yake. Nilipogeuka, kogo alikuwa amekishika kibuyu karibu na uso, bado hajatia kaa. Vumbi la Nakuru lilikuwa limempa mafua tangu Jumatatu. Alivuta pumzi, akaacha, akavuta tena.

"Kinanuka kitu," alisema kwa lugha ya nyumbani.

"Kitu gani, kogo?"

"Kama tunda. Lile tunda kali mnalotia kwenye chai."

Nilikuwa na nafasi. Vibuyu vingine vilikuwapo nyumbani kwetu, na siku tisa zilikuwa zimebaki. Simu moja tu kwa mjomba ingetosha.

"Ni nguo za jirani," nikasema. "Wamefua. Upepo unaleta huku."

Aligeuza uso upande wa upepo, lile jicho la ukungu likitafuta kamba ya nguo ambayo haikuwapo.

"Basi ni mafua yangu," akasema, akatia kaa.

Nimejaribu mara nyingi kuandika juu ya sauti ya kaa likisagwa ndani ya kibuyu, jinsi linavyolia kwa sauti ndogo halafu linanyamaza. Siku hiyo niliisikiliza yote, nikijiambia kwamba makaa hufunika kila kitu. Si ndiyo kazi yake? Akatia maziwa, akakaza kifuniko, akakiweka pembeni chini ya meza ya jikoni, mahali penye baridi. Kwa siku tisa nilipika nikiwa nimesimama karibu nacho.

Jumamosi ya koito mjomba alitupeleka. Tulipofika Salgaa malori yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara, mjomba akapunguza mwendo, na kogo, ambaye sasa alikuwa ameondolewa kitambaa na kupewa miwani myeusi, alisogeza kibuyu kutoka goti moja hadi lingine.

"Kogo na hiyo miwani unakaa kama msanii," mjomba akamtania.

"Endesha. Ukinimwagia hii, msichana ataolewa na soda."

Alikuwa na furaha. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Nyumbani walikuwa wameweka viti chini ya hema, wakwe upande mmoja na sisi upande mwingine. Maombi yaliombwa. Mdogo wangu alikuwa chumbani na wenzake, akingoja kuitwa. Kogo alikaa katikati, akatikisa kibuyu pole kwa pole, akafungua kifuniko, akamimina kikombe cha kwanza kwa kupima na sikio. Mimi ndiye niliyebeba sinia. Nilipiga goti mbele ya mzee wa upande wao, akakipokea, akanywa.

Hakutema. Alikuwa mtu wa heshima. Alikaa na maziwa mdomoni kama mtu aliyeulizwa swali kanisani, akameza, akakiinamia kikombe, kisha akakiweka chini, nyuma ya mguu wa kiti chake. Nilikiona alivyokiweka. Juu ya maziwa palikuwa na povu dogo ambalo halikuwa la maziwa.

Dada yake, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, alikichukua pale chini akaonja.

"Mama," alimwambia kogo kwa upole wa mzaha, "sisi tumekuja kuchukua msichana. Hatukuja kufua nguo."

Upande wao wakacheka, si kwa ubaya. Upande wetu hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja aliitazama nyasi.

"Nipe," kogo akasema.

Nikampa kikombe. Alionja, na nikaona mabega yake yakitulia, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu akakipata. Nilidhani angemwaga. Badala yake alikunywa tena, polepole, na tena, watu wote wakimngoja, mpaka kikombe kikaisha. Sikujua kwa nini. Sinia lilikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa nikihesabu vitambaa vya mezani.

Aliweka kikombe kwenye sinia langu.

"Ni mimi," aliwaambia wageni, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ni hii macho. Nyumba ya mjukuu ni geni kwangu. Nimeosha kibuyu kwa beseni ya nguo, sikuona kama iko sabuni. Mnisamehe, watu wangu. Msichana hajakosea kitu."

Miwani myeusi ilikuwa imeelekea hema lote. Sikuweza kujua inamtazama nani.

Wakasema pole. Mzee akasema macho ni mambo ya Mungu. Shangazi wakakimbia dukani wakarudi na maziwa ya paketi na kreti mbili za soda, na mazungumzo yakaendelea, na yakaisha vizuri. Mdogo wangu aliitwa, akakubaliwa. Hakuna kilichovunjika ambacho mgeni angekiona.

Jioni niliwakuta shangazi jikoni wakipangusa vikombe. Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na meko.

"Mama, sasa upumzike," mkubwa wao alikuwa akimwambia, na alimaanisha mema. "Koito ya mwakani, ya binti yangu mdogo, maziwa nitalaza mimi. Umefanya ya kutosha."

"Kweli," kogo alisema. "Nimechoka."

Hakuwa amewahi kusema neno hilo mbele yangu, hata siku tulipomzika babu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilichohitaji ni kusema sentensi moja, na sentensi ndizo kazi yangu, nazitafuta usiku na mchana, nazipindua mpaka zinang'aa. Nikauliza kama kuna kuni zaidi za kuleta.

Alirudi nami Nakuru kwa sababu Jumatatu alitakiwa kuonwa na daktari kwa mara ya mwisho. Daktari akamwambia jicho ni safi. Njiani kurudi alisoma kwa sauti maandishi yote ya kwenye kuta, duka moja baada ya lingine, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima la kanisani. Mimi nilimshika mkono ingawa hakuhitaji tena kushikwa.

Jumanne ndiyo mjomba angekuja kumchukua. Asubuhi hiyo niliamshwa na ukimya. Nililala nikingoja mkwaruzo, haukuja. Nilipotoka nilimkuta sebuleni, amevaa koti, mfuko uko tayari miguuni, kibuyu kitupu mezani. Alikuwa amesimama mbele ya ule ukurasa wa kwenye fremu, pua yake karibu iguse kioo.

"Hapa kuna neno kibuyu," alisema bila kugeuka. "Na hapa tena. Nisomee. Mimi nitachelewa."

Nikamsomea. Ilikuwa aya ambayo watu waliipenda zaidi, ile ya bibi akipaka makaa alfajiri. Niliisoma haraka na kwa sauti ndogo. Alisikiliza, kichwa ameinamisha upande, kama anayepima maziwa.

"Umeandika mgunga," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Nani alikuambia mgunga?"

"Hakuna. Niliona jina linasikika vizuri."

Alifikiri. "Mgunga ni wa kuota moto," alisema. "Sasa kuna msichana mahali amesoma hii, nyanya yake ameshakufa, hana wa kuuliza. Atapaka mgunga."

Nilikuwa nimewafikiria wasomaji wangu mara nyingi: wakilia, wakinisifu, wakipigia mstari. Sikuwahi kumfikiria mmoja wao akiwa na maziwa mkononi.

"Kogo," nikasema. "Kibuyu nilikiosha mimi. Kwa sabuni ya vyombo. Nilikuwa na wageni."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoonja." Aligeuka akaketi. Bila miwani, lile jicho jipya lilikuwa jeusi na kali, na lilinitazama mpaka nikaona haya ya uso wangu mwenyewe. "Sabuni yako iko pale kwenye sinki. Jana nimeinusa."

"Mbona ukasema ni wewe?"

"Nilikungoja useme. Kile kikombe nilikunywa chote, nikikungoja."

Nilikumbuka jinsi alivyomeza, polepole, lile povu la ndimu, akininunulia muda ambao niliutumia kuhesabu vitambaa.

"Kikombe kikaisha," aliendelea, "na wakwe wanangoja. Ningesema ni wewe, wangeuliza kama na huyu wanayemchukua amefunzwa hivyo hivyo. Mzee akikosa macho, ni mzee tu."

"Nitawapigia shangazi. Nitawaambia leo."

"Utawaambia nini? Wakwe wameshaenda kwao na neno langu. Ukilibadilisha sasa watakuwa na mjukuu mwongo na mzee mwongo." Hakupandisha sauti. "Sabuni si kitu. Watu huosha. Kibuyu si sufuria, mtoto wangu, kinakunywa, na ulikuwa hujui vile kinakunywa. Hiyo ningekufundisha. Lakini mimi nilinusa. Nilikuuliza. Ukaniambia nguo za jirani, nikaacha pua yangu nikashika maneno yako."

Nje, honi ya mjomba ikalia mara mbili.

"Kitapona?" niliuliza, nikikishika kibuyu. "Nikikipaka tena na tena?"

"Hapana. Weka mbegu humo. Mahindi haijali ndimu."

Akainama akatoa ile fimbo ya ukuti kutoka chini ya meza, akaifuta kwenye koti, akaitia ndani ya mfuko wake, na ncha yake iliyochanuliwa ikabaki imechomoza nje. Kibuyu hakukigusa. Nilichukua mfuko wake nimbebee, akaushika kwa upande wa pili, akautoa mkononi mwangu bila nguvu nyingi.

"Usinisindikize," alisema. "Sasa naona njia."

Alisimama kizingitini akaitazama sebule mara moja, kiti, dirisha, fremu, mimi, kama mtu anayehakikisha hajaacha kitu chake. Kisha akatoka, na kwa kuwa alijua ule mlango wangu hukwama, aliuvuta kwa mikono miwili, taratibu, mpaka kitasa kikaitika.